Springi na shokapu za nyuma kwenye njia ya Serengeti

Lami inaishia geti la Lodoare, unapoingia Ngorongoro. Kutoka hapo hadi Serengeti, Land Cruiser za watalii zinapita juu ya vituta vidogo vilivyojipanga kama migongo ya bati. Vikiachana sentimita 70 hivi, gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupigwa karibu mara 24 kila sekunde. Ekseli ya nyuma ndiyo inayoumia zaidi, maana viti vingi na mizigo viko juu yake.

Mwaka 1999 Land Cruiser za modeli ya 78 na 79 zilipewa springi za koili mbele. Nyuma zilibaki zile za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na mimi nazitetea: hubeba mzigo, hushikilia ekseli mahali pake, na kipande kimoja kikivunjika fundi hukibadilisha bila mitambo mikubwa.

Shida huanza gari likiinama nyuma. Mwenye gari huagiza kipande kiongezwe, mara nyingi kinene. Lakini unene ukizidi mara mbili, ugumu wa kipande huzidi mara nane. Springi hiyo ikikandamizwa hurudi kwa nguvu ambayo shokapu ya zamani haiwezi kuizuia. Gari likiwa tupu hurusha mkia, tairi zinaachana na ardhi, na kwenye kona ya changarawe huo ni mwanzo wa kupinduka.

Shokapu haikuwekwa ibebe uzito. Husukuma oili kupitia vitundu vyembamba, hivyo mtikisiko unageuka joto. Kwenye vituta visivyoisha oili hupata moto, huwa nyepesi na kutoa povu. Kwa sababu hiyo shokapu nyingi za safari ngumu hujazwa nitrojeni yenye mgandamizo, ili povu lisiunde upesi.

Basi anza na mzani. Pima gari likiwa na mzigo wake wote, chagua springi ya uzito huo, ndipo utafute shokapu inayoiweza springi hiyo. Urefu wake usikisiwe. Ekseli ikipanda, raba ya kizuizi iguse kabla shokapu haijafika mwisho. Mlalo nao una hesabu yake: shokapu iliyolazwa nyuzi 45 kutoka wima hutembea kama asilimia 70 tu ya mwendo wa ekseli, na utulizaji wake hushuka hadi nusu. Wanaohamisha vishikio ili kupata nafasi ya tangi la ziada wanalipia hapo.

Bolti za bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, raba hubaki imejipinda kila siku, ikapasuka mapema. Yu-bolti zinazofunga springi kwenye ekseli ziwe mpya, na zikazwe tena baada ya safari ya kwanza, kwa kuwa vyuma vipya vikishakaa vizuri huziacha zikilegea.