Breki za nyuma: Chungulia chini ya gari kabla ya kununua kalipa za bei

KWA miaka mingi, dereva aliyetoka Kitale kwenda Lodwar hakuwa na haja ya kuwaza sana juu ya breki. Lami iliyowekwa kwa msaada wa serikali ya Norway katika miaka ya 1980 ilikuwa imemeguka kiasi kwamba magari mengi yaliiacha na kupita kando yake, mchangani na kwenye mawe. Kilichomkosesha dereva usingizi ni springi na tairi. Gari lenyewe lilikuwa likitambaa tu.

Mambo yamegeuka. Kutokana na mradi wa barabara hiyo uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka wa 2015, sehemu ndefu za njia inayopitia Lodwar na Kakuma kuelekea Lokichoggio zimewekwa lami mpya. Lodwar hadi Kakuma, yapata kilomita 120, ni mwendo ambao sasa dereva mwenye haraka huumaliza kabla chai ya chupa haijapoa. Na palipo na lami nzuri, mguu huwa mzito kwenye mafuta.

Hapo ndipo breki zinapoingia. Gari linaloenda kilomita 100 kwa saa halihitaji kusimamishwa kwa nguvu maradufu ya lile linaloenda 50. Linahitaji mara nne. Ngamia wanaovuka barabara jioni karibu na Kalobeyei hawajui hesabu hiyo, na mbuzi ndio kabisa.

Haishangazi basi kwamba wenye magari wameanza kuulizia breki za kisasa. Wengi hutaka zile kalipa kubwa, nyekundu au za rangi ya dhahabu, zinazoonekana kupitia matundu ya rimu. Kwa asiyejua, kalipa ni kile chuma kinachoishika diski kama koleo: ukikanyaga breki, mafuta husukuma pistoni zilizo ndani yake, nazo hubana pedi kwenye diski. Kalipa za kawaida huwa na pistoni moja upande mmoja. Hizi za mashindano, mathalani za Brembo, kampuni ya Italia iliyoanzishwa mwaka wa 1961, huwa na mbili, nne au hata sita. Seti ya nyuma peke yake hugharimu kundi la mbuzi.

Je, zinafaa huku kwetu? Jibu langu ni kwamba mara nyingi hazifai, na sababu yake si bei.

MBELE NDIKO KAZI ILIKO

Gari likikanyagwa breki, uzito wake huinamia mbele. Abiria huuhisi kifuani, na pua ya gari hushuka. Kwa hiyo tairi za mbele hukandamizwa chini na kupata nguvu ya kushika, huku za nyuma zikiwa nyepesi. Katika gari dogo lisilo na mzigo, breki za mbele hufanya asilimia 60 hadi 80 ya kazi yote. Ndiyo maana Toyota Probox, gari ambalo limezaa mji wa Lodwar wa leo pamoja na bodaboda, lina diski mbele na ngoma nyuma, wala si kwa sababu waliolitengeneza walikuwa bahili.

Sasa mtu akifunga kalipa kubwa nyuma na kuziacha za mbele vilevile, anaiharibu ile mizani. Akikanyaga kwa ghafla, magurudumu ya nyuma hufungwa na breki yakaacha kuzunguka kabla ya yale ya mbele. Gurudumu la mbele likifungwa, gari huenda moja kwa moja na usukani hautii. Ni hatari, lakini angalau unajua unakoelekea. La nyuma likifungwa, mkia wa gari hutaka kutangulia. Kwenye lami iliyomwagikiwa mchanga na upepo, kama ilivyo kawaida kuanzia Lokichar kwenda juu, gari huzunguka kabla dereva hajasema neno. Mfumo wa kompyuta wa kuzuia magurudumu yasifungwe, ule uitwao ABS, husaidia, lakini ulipimiwa breki zilizotoka kiwandani, si hizi mpya. Tena magari mengi ya zamani hayana mfumo huo kabisa.

Kuna jambo jingine la masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali. Kalipa zenye pistoni kubwa zinahitaji mafuta mengi zaidi ili zisogee. Pampu ikiwa ni ileile ndogo, pedali itazama chini zaidi ndipo breki ishike. Mwenye gari hudhani kuna hewa ndani ya mabomba na kumrudia fundi mara tatu, kumbe fundi hana kosa.

MTU ALIYEINUA GARI

Lakini msomaji wa Kakuma ataniuliza: hayo ni ya gari tupu, na huku nani huendesha gari tupu? Swali ni la haki. Tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa Kakuma mwaka wa 1992, barabara hii imekuwa ya mizigo. Pikapu hubeba mitungi ya maji, magunia ya makaa, simiti, mbuzi na watu juu ya mbuzi. Gari likipakiwa nyuma, tairi za nyuma hupata uzito na breki zake hupata kazi ya kweli. Hapo breki dhaifu za nyuma zinaweza kuua.

Watengenezaji walilijua hilo. Pikapu nyingi, na Land Cruiser nyingi za kazi, zina vali ndogo karibu na ekseli ya nyuma, yenye mkono mrefu wa chuma ulioshikana na ekseli hiyo. Mzigo ukiwekwa, bodi hushuka na kuikaribia ekseli, mkono husukumwa juu, na vali huruhusu mafuta ya breki yenye nguvu zaidi kwenda nyuma. Mzigo ukishushwa, bodi huinuka na vali hupunguza. Ni akili ya chuma tu, bila waya wala kompyuta.

Sasa angalia tunachofanya sisi. Gari likifika Turkana, jambo la kwanza ni kuongeza vipande vya springi ili lisilale kwa mzigo na lisigonge mawe ya laga, yaani ile mito mikavu. Bodi huinuliwa. Vali, ambayo haina macho, huona bodi iko mbali na ekseli na kuamini kwamba gari ni tupu. Hata ukipakia tani nzima, bado inanyima breki za nyuma mafuta. Mwenye gari huona linasita kusimama, pedi za mbele zinaisha upesi, za nyuma ziko kama mpya. Huamua kwamba breki za nyuma ni mbovu na kwenda kutafuta kalipa za bei.

Hata angefunga za dhahabu tupu, vali ingezinyima vilevile. Dawa ni kurekebisha mkono wa vali, au kushusha kishikizo chake kwa kiasi kilekile bodi ilichoinuliwa, kisha kupima nguvu ya breki gari likiwa tupu na likiwa na mzigo. Si kazi ya kubahatisha, maana ukizidisha, gari tupu litafunga magurudumu ya nyuma. Wengine huziba vali au kuikata kabisa. Hao nisingepanda gari lao siku ya mvua.

MCHANGA NA MTEREMKO

Kalipa za mashindano zina kasoro nyingine inayozihusu Lodwar na Kakuma hasa. Nyingi hazina ule mpira wa kuzuia vumbi unaozunguka pistoni, kwa sababu kwenye viwanja vya mbio hufunguliwa na kusafishwa kila mara. Huku vumbi la siku moja litakwaruza pistoni, kisha ikwame. Pedi zake nazo hupenda joto kali. Asubuhi zikiwa baridi hazishiki vizuri.

Halafu kuna rimu. Kalipa za Brembo za Subaru STI zinahitaji rimu ya inchi 17 au zaidi. Rimu ikikua, mpira wa tairi huwa mwembamba, na tairi nyembamba kwenye mawe ya Turkana haina maisha. Hata magari ya kilele katika mashindano ya dunia, yaliyorejea nchini kwa Safari Rally ya Naivasha mwaka wa 2021, hutumia diski za milimita 300 kwenye vumbi, na zile kubwa za 370 huwekewa mashindano ya lami.

Isitoshe, kalipa nyingi za aina hii hazina breki ya mkono ndani yake. Katika Subaru, breki ya mkono ni ngoma ndogo iliyofichwa ndani ya diski. Katika matoleo mengi ya kawaida ina kipenyo cha milimita 170, na katika STI yenye Brembo ni 190. Ukinunua kalipa na diski za STI bila vipande vya ndani, handbreki haitagusa kitu. Mwenye kukaa Lodwar, mji tambarare, anaweza kuchukua miezi bila kugundua. Atagundua siku atakapoegesha Kapenguria.

Na Kapenguria ndiko mtihani mkubwa ulipo. Mji huo uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Lodwar ni kama mita 500. Kati ya Kamatira na Marich gari hushuka zaidi ya mita 1,000. Land Cruiser yenye uzito wa kilo 2,500 ikishuka mita 1,000 hutoa nishati ya kutosha kuchemsha karibu madebe manne ya maji. Sehemu ya joto hilo huchukuliwa na upepo, na sehemu kubwa na injini, ikiwa dereva ameingiza gia ndogo. Asipofanya hivyo, linabaki kwenye breki. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini hunyonya unyevu wa hewa na kiwango hicho hushuka hadi karibu 140. Yakichemka hutoa povu la mvuke, na pedali huenda chini bila upinzani. DOT 4 huanzia nyuzi 230. Kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili ni rahisi kuliko kalipa yoyote.

Sisemi kalipa ziachwe kabisa. Mwenye Subaru yenye diski nne, anayeishi kwenye lami, anaweza kununua seti nzima ya mbele na nyuma iliyotoka kwenye gari moja la aina yake, pamoja na masta silinda na vipande vya handbreki, na kuijulisha kampuni yake ya bima. Nusu ya seti asiichukue hata kwa bei ya kutupa.

Wenye ngoma wazifungue baada ya msimu wa kuvuka laga. Ndani yake hujaa mchanga laini unaosaga laining'i na ngoma yenyewe, na maji yakiingia hayatoki upesi. Ukishavuka, endesha polepole huku ukigusa breki kidogo kidogo hadi zikauke. Na ukinunua mafuta ya breki, kataa chupa iliyokwisha kufunguliwa, hata kama muuzaji ni shemeji yako.