Hyderabad: Je, dini ya mtu yatosha kutuambia lugha yake?

Hyderabad ni makao makuu ya jimbo la Telangana, kusini mwa India. Sensa ya 2011 ilihesabu humo watu karibu milioni 6.8. Katika kila watu 100, takriban 65 walikuwa Wahindu, 30 Waislamu na 3 Wakristo. Lugha zake kubwa ni mbili: Kitelugu, cha jamii ya Kidravidi, na Kiurdu, cha jamii ya Kihindi-Kiulaya. Kutokana na hayo, wengi huandika kwamba Wahindu husema Kitelugu na Waislamu Kiurdu. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inaficha mambo mengi.

Kwanza, historia. Mji ulianzishwa mwaka 1591 na Muhammad Quli Qutb Shah, sultani wa Golconda. Alitunga mashairi kwa Kidakhni, lugha iliyoletwa na askari, wafanyabiashara na masufi kutoka kaskazini, ikakua kwa kuishi pamoja na Kimarathi, Kitelugu na Kikannada. Hadi leo Mhyderabadi akikataa jambo husema *nakko*, neno lenye asili ya Kimarathi. *Log* (watu) katika Kiurdu sanifu haibadiliki katika wingi. Kidakhni husema *logan*.

Pili, Kiurdu hakikuwa cha Waislamu peke yao. Chini ya watawala walioitwa Nizam kilikuwa lugha ya serikali. Kishen Pershad, Mhindu aliyekuwa waziri mkuu, alitunga mashairi kwa Kiurdu. Chuo Kikuu cha Osmania, kilichoanzishwa 1918, kilifundisha hata udaktari kwa lugha hiyo. Baada ya dola ya Nizam kuingizwa katika India mwaka 1948, Kiingereza kilichukua nafasi yake.

Tatu, Waislamu wenyewe hawana asili moja. Mtaa wa Barkas unakaliwa na wazao wa askari Waarabu kutoka Hadhramaut. Mtaa wa A.C. Guards una jina la kikosi cha wapanda farasi wa Kiafrika waliomtumikia Nizam. Wazao wao wapo hapo hadi leo.

Hasara ya kuchanganya dini na lugha inaangukia Kidakhni. Mwenye kukisema akijibu "Kiurdu" mbele ya karani wa sensa, lugha yake inapotea katika hesabu. Shuleni hufundishwa Kiurdu sanifu, na katika filamu Kidakhni hutumiwa mara nyingi kuchekesha watu. Hivyo msemaji hujifunza kukiona kama Kiurdu kibovu, ingawa kina sarufi yake na fasihi ya karne nyingi.

Sisi wa isimu tutokao na hojaji mkononi tuna la kujifunza hapo. Swali "lugha yako ni ipi?" halitoshi. Tuulize pia: nyumbani unasema nini, sokoni unasema nini, na ninyi wenyewe mnaiitaje? Jina la dini tuliandike katika safu yake, tusilitumie kujaza safu ya lugha.