Bastola ya Shabaha na Maisha Yake



Katika mazungumzo ya leo nataka kuwaeleza habari za chombo ambacho wengi wetu hatujakishika, lakini mafunzo yake yamfaa kila mtu mwenye chombo cha chuma nyumbani mwake. Chombo chenyewe ni bastola ya kulenga shabaha. Si ile ya vitani, bali ile itumiwayo na watu wanaoshindana kwa ustadi wa jicho na utulivu wa mkono. Swali letu ni hili: Ni kitu gani kinachoizeesha bastola ya namna hii?

Wengi watajibu upesi, "Huzeeshwa na kupigwa. Kila risasi itokayo huila kidogo, hata siku moja imekwisha." Jibu hili laonekana kuwa na akili, maana jembe nalo huliwa na udongo. Lakini kwa bastola hizi ni kweli kwa sehemu ndogo tu. Nyingi huharibiwa na kutu, na mkono wa mwenyewe, na risasi zisizozifaa, muda mrefu kabla ya kuchakazwa na kazi yao.

Tazameni kwanza ukubwa wa kazi hiyo. Katika mashindano ya mita 25, shabaha ya kulengwa kwa utulivu ina duara katikati, upana wake sentimita 5, na aipataye hupewa alama 10. Tuseme mtu ajizoeza kwa risasi 100 kila siku, siku 5 kwa juma, majuma 50 kwa mwaka. Atakuwa amepiga risasi 25,000 kwa mwaka mmoja, na 250,000 kwa miaka 10. Kazi hiyo si ndogo. Hata hivyo, zipo bastola za shabaha zilizotengenezwa zaidi ya miaka 60 iliyopita ambazo mpaka leo zinapiga barabara.

Sababu yake ni nini? Lugha yetu huita kwa jina moja, risasi, ile madini laini na kile kitu kitokacho katika bunduki. Kwa bastola nyingi za shabaha jina hilo lafaa kwelikweli, maana kitokacho ni madini hiyo hiyo laini, iliyopakwa nta au mafuta kidogo. Upana wake ni kadiri ya milimita 5.6, na uzito wake kadiri ya gramu 2.6. Mwendo wake ni kadiri ya mita 300 kwa sekunde au pungufu. Lakini risasi ya bunduki ya .303, waliyoijua sana askari wa King's African Rifles, ilikuwa na uzito wa zaidi ya gramu 11, ikavikwa gamba la madini gumu zaidi, nayo ilitoka kwa mwendo wa zaidi ya mita 700 kwa sekunde. Kubwa hiyo husugua kasiba na kuichoma kwa moto mkali. Ndogo hii hupita kama kidole chenye mafuta. Ndiyo sababu kasiba ya bastola ya shabaha, ikitunzwa, huweza kudumu kuliko mwenyewe.

Basi, tumtafute adui wa kweli. Wa kwanza ni kutu. Zamani fataki, yaani ile dawa ndogo iwashayo baruti, ilikuwa na kitu ambacho kikiisha kuungua huacha chumvi ndani ya kasiba. Sisi tunaokaa karibu na pwani twajua chumvi inavyofanya: huvuta unyevu wa hewa, na unyevu hula chuma. Mtu alipiga risasi zake, akapaka mafuta, akaiweka bastola akidhani ameitunza. Alipoifungua baada ya siku chache akakuta kasiba imeingia vishimo. Kosa lake lilikuwa nini? Chumvi haiyeyuki katika mafuta, huyeyuka katika maji. Ilimpasa kuosha kwanza kwa maji ya moto, kukausha vizuri, ndipo apake mafuta. Tangu miaka ya 1920 zikaanza kuuzwa fataki za namna mpya zisizoacha chumvi, na taabu hiyo ikapungua sana. Lakini jasho la mkono bado lina chumvi, na mfuko wa ngozi bado hushika unyevu. Bastola iliyofungiwa ndani ya mfuko wa ngozi mwaka mzima yaweza kuharibika kuliko ile iliyopigwa kila siku.

Adui wa pili ni mwenyewe, hasa yule apendaye kusafisha kupita kiasi. Ndani ya kasiba mna mifereji myembamba izungukayo, ambayo huizungusha risasi ili iende sawa. Mwisho wa mifereji hiyo, mdomoni, lazima pawe sawa pande zote, ili moshi na moto vitoke kwa pamoja vikiiacha risasi. Mtu akiingiza fimbo ya chuma kwa mdomo, akisugua huku na huku kila siku, upande mmoja hulika. Baada ya hapo bastola yaonekana nzuri machoni, lakini risasi hazikusanyiki tena mahali pamoja. Yafaa kuingiza fimbo kwa nyuma, kama umbo la bastola laruhusu. Na kama halikuruhusu, itumike kamba laini ya kuvuta kitambaa. Kadhalika kuna wanaofyatua mtambo mara nyingi bila risasi ndani. Fataki ya risasi hizi imo katika ukingo wa kitako cha ganda, kwa hiyo pini hupiga pembeni. Risasi isipokuwamo, katika bastola nyingi za zamani pini hugonga chuma cha kasiba na kukitia alama. Nyingi za siku hizi zina kifaa maalumu cha kujizoeza bila madhara.

Adui wa tatu ni risasi isiyofaa. Nitawapa mfano. Mwaka 1915 kampuni ya Colt ya Marekani ilianza kuuza bastola ya shabaha iliyobuniwa na John Browning. Tangu mwaka 1927 ikaitwa Woodsman, nayo iliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 1977. Zile za kwanza ziliundwa kwa risasi za mwendo wa kawaida. Karibu na mwaka 1930 zikatokea risasi za umbo lile lile, lakini zenye nguvu zaidi. Ziliingia katika bastola bila shida, zikapigika. Lakini kipande cha nyuma kinachoshika kamani hakikuwa kigumu cha kutosha kupokea pigo lile. Karibu na mwaka 1932 kampuni ikaanza kukifanya kipande hicho kwa chuma kilichokazwa kwa moto. Basi mtu aliyerithi Woodsman ya kwanza, naye haijui habari hii, aweza kuiharibu kwa makasha machache ya risasi, baada ya babu yake kuitumia miaka mingi salama. Kuingia si kufaa.

Sasa nakuja kwenye jambo kubwa kuliko yote. Ndani ya mtambo mna jino dogo la chuma ambalo huishika nyundo mpaka kidole kivute. Kwa mashindano ya mita 25 sheria yataka mvuto usipungue gramu 1,000. Bastola hupimwa kwa kuinua uzito huo bila kufyatuka. Jino likilika kwa miaka, au mtu akilipiga tupa nyumbani ili mvuto uwe mwepesi, huenda bastola ikafyatuka yenyewe ikitikiswa, au ikatoa risasi mbili kwa mvuto mmoja. Hapo hatusemi tena habari ya chombo kuharibika. Twasema habari ya roho ya mtu. Dalili ikionekana hata mara moja, bastola ielekezwe kwenye shabaha, itolewe risasi zote, wala isipigwe tena mpaka fundi mwenye ujuzi ameitazama. Jino jipya lina bei. Mtu hana bei.

Tena msidhani kuwa chombo kisichopigwa hakizeeki. Ziko bastola za shabaha zitumiazo hewa badala ya baruti. Mashindano yake ya mita 10 yaliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1988. Kasiba zake hazionji moto kabisa. Lakini katika nyingi za zamani vipande laini vizuiavyo hewa huvunjikavunjika kwa umri tu, hata zikiwa sandukuni. Na mitungi ya hewa iliyoshindiliwa hairuhusiwi mashindanoni ikipita miaka 10 tangu kutengenezwa, hata ikiwa yang'aa kama mpya.

Kwa hiyo mpigaji mwenye busara hufanya mambo machache. Huandika katika daftari hesabu ya risasi alizopiga. Hubadili kamani zilizochoka mapema, maana kamani ikilegea, chuma hugonga chuma. Hutumia risasi ile iliyokusudiwa na mtengenezaji. Hukausha, hupaka mafuta kidogo, wala si mengi yashikayo vumbi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kamani ndogo ndiyo ufa. Bastola nzima ndiyo ukuta.

Nanyi mlio na cherehani, baiskeli au saa, nendeni mkatazame ni kipande gani kidogo kinachongoja kubadiliwa. Kwaherini, mpaka mazungumzo yajayo.