Kidole kilichovunjika kinataka kukunjwa mapema

Katika gereji za Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, spana ikiteleza au gia boksi ikimponyoka fundi, kidole huvunjika. Wengi hukimbilia kwa muunga mifupa, ambaye hukikaza kwa vijiti na vitambaa mpaka ncha. Baada ya mwezi na nusu mfupa umeunga, lakini kidole hakikunjiki tena na spana haishikiki.

Tatizo haliko kwenye mfupa. Kano za kidole huteleza juu ya mfupa kila unapokikunja au kukinyoosha. Mahali palipovunjika huvuja damu, huvimba, kisha hufanya kovu. Kano zisiposogea hunasa kwenye kovu hilo, na kiungo cha katikati hukakamaa.

Mfupa usipohama, au daktari akiweza kuurudisha mahali pake bila kupasua, mara nyingi hakuna haja ya upasuaji. Kwa mvunjiko uliotulia, kidole hufungwa pamoja na jirani yake mzima, katikati pakiwekwa pamba au shashi. Utepe unapita kati ya viungo, kamwe si juu yavyo, ili vidole vyote viwili vikunjike pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ukivunjika mfupa wa kwanza wa kidole, daktari huweza kuweka plasta ya jasi inayokunja vifundo vya ngumi karibu nyuzi 90 na kuviacha vidole huru. Katika mkao huo, kano za mgongoni mwa kidole hukazika na kuubana mfupa. Mgonjwa anapokunja vidole, vipande hubaki mahali pake. Wazo hilo si jipya: daktari mpasuaji Mfaransa Just Lucas-Championnière (1843–1913) alitetea kusogeza mapema viungo vilivyovunjika, wakati wenzake wengi walisisitiza kuvifunga kabisa.

Mazoezi huanza siku za mwanzo, kwa idhini ya daktari, na kinga ya utepe au plasta hudumu wiki 3 hadi 4. Usingoje ufa upotee kwenye picha ya eksirei. Unaweza kuonekana kwa miezi.

Lakini wahi hospitali, iwe Prince Régent Charles au Kamenge, ikiwa kuna jeraha wazi, ganzi, kidole kimepauka, au ukikunja ngumi kimoja kinapanda juu ya kingine. Hapo upasuaji huenda ukahitajika.

Ukishafungwa kidole, usiondoke kabla ya kuuliza: nianze kukikunja lini, na vipi? Jibu la swali hilo ni nusu ya tiba.