Nahodha Mzuri Huanza Kazi Ufukoni

Ndugu mfanyakazi, ukipata likizo na kurudi kwenu Lweba, pengine utapanda mtumbwi kwenda kuwaona wakwe upande wa Ubwari. Huenda hata ukapewa kuuongoza, maana ulizaliwa ufukoni na wote wanajua kwamba unapiga kafi vizuri. Lakini kupiga kafi ni kazi ya mikono. Unahodha ni kazi ya kichwa, na sehemu yake kubwa hufanyika kabla ya kuondoka.

Shimoni, kapita hawaingizi watu kabla ya kuwahesabu na kukagua dari. Ziwani, nahodha ndiye kapita. Haya ndiyo anayopaswa kujua.

1. Kuhesabu na kukataa. Mtumbwi uliojaa sana huzama chini, ukingo wake ukawa karibu na maji. Wimbi dogo tu huingia. Maji hayo hukimbilia upande mmoja, mtumbwi unalala, watu wanashtuka na kuinuka, nao unapinduka. Tarehe 3 Oktoba 2024, katika Ziwa Kivu, mashua iliyotoka Minova ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Walikuwa karibu kushuka. Wengi walikufa mbele ya macho ya watu waliokuwa ufukoni.

2. Kusoma upepo. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 hivi, kutoka kaskazini hadi kusini. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini hupita mwendo mrefu juu ya maji, na mawimbi hukua njiani. Ndani ya Ghuba ya Burton rasi ya Ubwari hukukinga. Ukitoka nje ya rasi, mambo hubadilika. Wakati wa mvua, dhoruba huja ghafla pamoja na radi. Ukiona wingu jeusi linapanda, usiondoke. Ikiwa uko majini, elekea ufuko ulio karibu, hata kama si kwenu.

3. Kupanga chombo. Mizigo mizito ikae chini, katikati. Watu waketi, wasisimame. Wapiga kafi wafuate sauti moja. Mtu mmoja awe na kopo la kukumbia maji, na pawepo kafi la akiba. Mawimbi yakiwa makubwa, yapokee kwa mbele ya mtumbwi, usiyaachie ubavu.

4. Kuchagua watu wa kazi. Aliyekunywa kanyanga asishike kafi. Mwenye kifafa asipige kafi, na akisafiri avae jaketi la kuokolea, akae karibu na mtu anayejua ugonjwa wake. Mama, mtoto naye avae jaketi linalomtosha. Usimfunge mgongoni kwa kitenge mkiwa majini: mtumbwi ukipinduka hutaweza kumfungua.

Mtumbwi ukipinduka, ushikeni. Mti huelea. Usijaribu kuogelea hadi nchi kavu, kwa maana ufuko huonekana karibu kuliko ulivyo.

Ukimtoa mtu majini naye hapumui, usimning'inize miguu juu, wala usimkamue tumbo. Hayo hupoteza dakika zake za mwisho. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, ziba pua yake, mpulizie mdomoni mara 5 hadi kifua kiinuke. Kisha bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu mara 30, upulizie mara 2, na uendelee hivyo bila kuacha huku mwingine akiita msaada. Akizinduka, bado mpelekeni kwa mganga siku hiyo hiyo, kwa sababu mapafu yaliyoingia maji yanaweza kumzidia baadaye.

Sisi wa zahanati tunajua kufunga vidonda na kunyoosha mifupa. Lakini ajali ya ziwa mara nyingi haituachii mtu wa kutibu.

Najua kinachowasukuma: likizo imekwisha, zamu inaanza kesho, na nahodha anaona haya kumkatalia shemeji yake. Basi mkatalie. Anayechelewa kazini hukatwa siku moja ya mshahara. Siku hiyo mke na watoto wanaweza kuivumilia.