Mnong'ono Usio na Mwenyewe

Mtengenezaji filamu wa mkoani, katika Marekani ya miaka ya 1970, alikuwa na hesabu ngumu. Zimwi ni ghali. Linataka mpira, rangi, mtu wa kulivaa, mtu wa kulishona likichanika, na taa za kuficha mishono. Na baada ya yote hayo, mtazamaji aliyelipa kiingilio cha draivini bado anaweza kulicheka. Nyumba ya kuazima, ziwa lenye ukungu na mwigizaji wa jukwaani asiyejulikana vilipatikana kwa pesa kidogo. Sauti ilikuwa rahisi kuliko vyote.

Wachambuzi wengi wa filamu hizi huishia hapo: hela hazikuwepo, basi woga ukahamia kichwani mwa mhusika. Ni kweli, ila ni nusu ya maelezo. Ukata peke yake hauzai filamu ya kisaikolojia. Mara nyingi huzaa filamu mbaya tu, na muongo ule ulijaa hizo. La kuuliza ni kwamba wale waliofanikiwa walimtia mtazamaji shaka kwa njia gani, na kwa maoni yangu jibu liko masikioni zaidi kuliko machoni.

Tuanze na mitambo. Kamera za filamu za wakati ule zilikuwa na kelele. Studio kubwa zilikuwa na kamera zilizofunikwa zisisikike. Kampuni ndogo ilirekodi sauti pembeni kwa tepu, au ilipiga picha bila sauti na kuwaita waigizaji baadaye wayaseme maneno yao upya chumbani. Hapo midomo na maneno huachana kidogo. Nyayo zinasikika karibu mno, na upepo unaotikisa matawi hauna mlio. Mtazamaji hawezi kuonyesha kasoro iko wapi, lakini anahisi kuna kitu hakijakaa sawa. Katika filamu ya mapenzi hiyo ni hasara tupu. Katika filamu ya mtu anayeanza kuishuku akili yake mwenyewe, ni mtaji.

Aliyetangulia kuuona mtaji huo alikuwa Herk Harvey wa Lawrence, Kansas, mtengenezaji wa filamu za mafunzo za shule na viwanda katika kampuni ya Centron. Mwaka 1962 alitoa Carnival of Souls, iliyogharimu takriban dola 33,000. Mary Henry, mpiga kinanda cha kanisani, anatoka hai, au ndivyo tunavyodhani, baada ya gari alimokuwa kutumbukia mtoni. Siku moja yuko dukani akijaribu gauni, na ghafla sauti za ulimwengu zinakatika. Midomo ya watu inacheza, yeye hasikii kitu. Naye akisema, hakuna anayegeuka. Harvey hakuongeza chochote katika tukio hilo. Alipunguza.

Miaka tisa baadaye, John Hancock, mtu wa tamthilia aliyekuwa hajawahi kuongoza filamu ndefu, alikwenda vijijini Connecticut kupiga Let's Scare Jessica to Death. Jina hilo, tuseme ukweli, linaidhulumu filamu, kwa kuwa linaahidi njama ya watu kumtisha mwanamke, na njama ya namna hiyo haimo. Jessica, anayeigizwa na Zohra Lampert, ametoka hospitali ya wagonjwa wa akili. Mumewe Duncan ameacha kazi ya kupiga muziki katika okestra New York ili wakaanze maisha mapya shambani, wakiwa na rafiki yao Woody. Wanasafiri kwa gari la kubebea maiti, kwa sababu ni pana na ni la bei poa. Kwenye nyumba waliyoinunua wanamkuta msichana, Emily, amejihifadhi humo, na Jessica mwenyewe ndiye anayemwomba abaki.

Tangu mwanzo tunasikia kinachopita kichwani mwa Jessica. Anaona msichana mwenye nguo nyeupe makaburini, na kabla hajafungua mdomo sauti yake ya ndani inamkataza: akisema, watadhani ugonjwa umerudi. Hofu ya kwanza ya filamu basi si msichana yule. Ni uso wa mume anayemwangalia mkewe kwa huruma iliyochanganyika na uchovu. Lampert anaigiza hilo kwa tabasamu linalochelewa kidogo kila mara, kama mtu anayeuliza kama anaruhusiwa kufurahi.

Kisha sauti zinaongezeka. Ile ya kwanza ni ya Jessica, hilo tunalikubali. Lakini inaingia nyingine, ya mnong'ono, inayomwita jina na kumbembeleza abaki, huku muziki wa Orville Stoeber ukichanganywa na vyombo vya kielektroniki hata usijue muziki umekomea wapi na upepo umeanzia wapi. Je, huo mnong'ono ni wa Emily? Ni wa Abigail Bishop, bibi harusi aliyezama ziwani mwaka 1880 na ambaye wenyeji wanasema hajatulia? Au ni ugonjwa? Mchanganyaji sauti hakuupa mahali. Hautoki mlangoni, hautoki majini, hautoki mdomoni mwa mtu.

Wapo wanaosema yote yanatokea kichwani mwa Jessica. Sikubaliani nao, kwa sababu Duncan naye anamwona yule msichana wa makaburini, tena anamkimbiza. Wazee wa mjini kweli wana bendeji shingoni na mikononi. Hancock amechanganya makusudi ushahidi unaoshirikiwa na ushahidi wa mtu mmoja, na hajatupa mizani ya kuutenganisha. Anayetaka jibu moja atalazimika kufumba jicho au kuziba sikio.

Si kila mtu aliweza hivyo. S. F. Brownrigg wa Texas alitoa Don't Look in the Basement mwaka 1973, kuhusu nesi kijana anayefika kuanza kazi katika hospitali binafsi ya wagonjwa wa akili ambayo daktari mkuu wake ameshauawa kwa shoka. Wazo ni zuri: nani humu ni mganga, nani mgonjwa? Lakini kila mtu anapiga kelele, na kelele, tofauti na mnong'ono, ina mwenyewe. Unajua mara moja imetoka kwa nani. Nguvu ya filamu hiyo iko kwenye joto la korido zake na nyuso zisizopakwa poda, si kwenye shaka.

Mwongozaji Bob Clark aliifahamu tofauti hiyo. Katika Deathdream ya 1974, iliyopigwa Brooksville, Florida, mwanajeshi Andy anapigwa risasi Vietnam, na picha ikiwa inafifia tunasikia sauti ya mama yake ikimkumbusha kwamba aliahidi kurudi. Anarudi. Filamu haielezi kwa utaratibu gani. Sauti ya mama imeshatosha. Siku zinazofuata anakaa chumbani akiyumba kwenye kiti cha bembea, na mlio wa kiti hicho unawafikia familia walio chini kabla hawajathubutu kuuliza kimempata nini.

Halafu kuna filamu ya Martin ya George Romero, iliyoonyeshwa mara ya kwanza 1977. Ilipigwa Braddock, mji wa chuma karibu na Pittsburgh, ambako Andrew Carnegie alifungua kiwanda mwaka 1875. Mwaka 1920 Braddock ilikuwa na wakazi zaidi ya 20,000. Kufikia 1980 hawakufika 6,000. Martin, kijana mwoga, huwachoma wanawake sindano ya usingizi, huwakata kwa wembe na kunywa damu yao. Binamu yake mzee, Tata Cuda, anaamini ni mnyonya damu wa ukoo na anatundika vitunguu saumu. Martin anaving'ata mbele yake. Ukweli wake anausema mahali pamoja tu: usiku, kwa simu, kwenye kipindi cha redio, ambako mtangazaji amempachika jina la kuchekesha na kumgeuza burudani ya wasiolala. Hapa mwenye sauti ana mwili, ana anwani, na bado hakuna anayemwamini. Nyumbani anaaminiwa kuwa kitu asichokuwa, redioni haaminiwi kuwa kile alicho.

Mwaka 1978 filamu ya Halloween ilileta faida kubwa kwa gharama ndogo, na wenye fedha wakaona kwamba mtu mwenye barakoa na kisu ni bidhaa inayorudiwa kirahisi kuliko mashaka. Paramount, iliyokuwa imesambaza filamu ya Jessica, mwaka 1980 ilisambaza Friday the 13th, nayo ikiwa kazi ya pesa chache iliyopigwa msituni New Jersey. Ndani yake umo mnong'ono pia, ule wa mtunzi wa muziki Harry Manfredini wa silabi mbili zinazorudiwarudiwa. Ila kazi yake imebadilika. Sasa unasikika muuaji anapokuwa karibu, wahusika hawausikii kabisa, na mtazamaji aliyekaa kwenye kiti chake anajua hasa una maana gani.