Udongo upo, mkopo haupo

Ukipita Paje au Diani utakutana na paa za makuti, kuta za mawe ya matumbawe na mabango ya kuuza utulivu wa pwani. Katika Afrika Mashariki, ujenzi wa vifaa vya asili umepata mteja wake wa uhakika hapo: mgeni anayelala siku chache, akalipa, akaondoka. Swali la kibiashara ni kama mafundi haohao na vifaa hivyohivyo vinaweza kumjengea mtu anayeishi mwaka mzima na majirani zake, kwa bei anayoimudu.

Tuanze na bidhaa yenyewe. Inayosifiwa zaidi ni tofali la kufungamana. Tanzania, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba bora na vifaa vya ujenzi, NHBRA, umelinadi kwa miaka mingi. Nairobi, kampuni ya Makiga hutengeneza mashine za kulifyatua. Udongo mwekundu unachekechwa, unachanganywa na saruji kiasi cha asilimia 5 hadi 10, unashindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha tofali linafunikwa na kumwagiliwa maji kwa wiki moja au zaidi. Halichomwi, kwa hiyo hakuna tanuri la kula kuni. Na kwa kuwa matofali yanashikana yenyewe, saruji ya kuungia inapungua sana. Fundi asiyelijua atakuharibia: kozi ya kwanza ikiyumba hata kidogo, ukuta mzima unayumba nayo, na hapo hakuna saruji ya kuficha kosa. Udongo wenye mfinyanzi mwingi nao hupasuka ukikauka. Anayeanza kufyatua kabla ya kupima udongo anachezea fedha zake.

Makuti na boriti vina hesabu nyingine. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe zilipimwa kwa mti: upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko iliyopatikana, ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Boriti hizo zilipakiwa majahazini kwenda Ghuba kwa karne nyingi, mpaka Kenya ilipozuia usafirishaji wake nje mwaka 1982. Zuio la ukataji miti la 2018 liliwakuta wakataji mikoko wa Lamu bila kazi, na mwaka uliofuata waliruhusiwa kurudi. Mkandarasi makini hawezi kusaini mkataba wa nyumba 50 akitegemea mti ambao kibali chake hubadilika namna hiyo. Makuti nayo hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na moto ukitokea hayabakizi kitu. Hoteli hulipa gharama hizo kwa sababu wateja wake wanayapenda. Kaya ya kawaida itaweka bati, na sioni sababu ya kuilaumu.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa mashine hawalitaji sana. Ukuta ni sehemu tu ya nyumba. Kiwanja, msingi, paa, milango, nyaya, mabomba na choo vyote vinabaki pale pale, kwa hiyo ukuta ukishuka bei sana, nyumba nzima hushuka kidogo tu. Punguzo kubwa linatokana na watu kuchangia ardhi, kisima na mfumo wa maji taka.

Chamazi, pembezoni mwa Dar es Salaam, inaonyesha hesabu hiyo vizuri kuliko mradi wowote ninaoujua. Watu waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari, wengi wao wapangaji, waliunda ushirika wa nyumba na kununua ekari 30 kwa kuungwa mkono na taasisi ya CCI na shirikisho la vikundi vya akiba. Matofali ya kufungamana waliyafyatua wenyewe. Nyumba zilipangwa kukua hatua kwa hatua, chumba kwa chumba, kadiri mwenye nyumba anavyopata. Peke yake, mpangaji wa Kurasini asingefika hata kwa mwenye shamba kuuliza bei.

Kuishi pamoja si ugeni kwetu. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Magomeni, yenye vyumba pande mbili za ukumbi na ua mmoja wa kupikia na kufulia, ilikuwa makazi ya pamoja kabla wasanifu hawajalitafutia jambo hilo jina zuri. Lakini mwambie mzee aliyehamishwa kwa nguvu wakati wa Operesheni Vijiji ya Tanzania miaka ya 1970 kwamba unauza "kijiji cha kuishi pamoja", uone atakavyokutazama.

Upande wenye mtaji umechukua njia nyingine. Fumba Town, nje kidogo ya Jiji la Zanzibar, ulizinduliwa 2015 na kampuni ya CPS kwenye hekta zipatazo 60 kando ya bahari, ukiwa na bustani za pamakalcha (kilimo kinachoiga mifumo ya asili) na nyumba za mbao. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilitangaza Burj Zanzibar, jengo la ghorofa 28 na mita 96 ambalo mbao ni sehemu kubwa ya muundo wake. Bei zilitajwa kwa dola, jambo lililotosha kumwelewesha mwalimu wa Unguja nani aliyelengwa. Hata hivyo mradi umewafundisha mafundi wa huko kazi ya mbao za viwandani, na hilo ni faida hata kwa asiyenunua.

Rwanda, mnunuzi amekuwa taasisi. Huko Bugesera, kampasi ya chuo cha kilimo hifadhi cha RICA, iliyosanifiwa na MASS Design Group na kugharimiwa na wakfu wa Howard G. Buffett, ilijengwa kwa kuta za udongo wa kushindilia na matofali ya udongo, na wanafunzi wanaishi humo.

Wakfu, hoteli na mnunuzi wa dola wana fedha mkononi. Anayekosekana ni mkopaji wa kawaida. Kenya nzima, yenye watu zaidi ya milioni 50, ilikuwa na mikopo ya nyumba ipatayo 30,000 tu mwaka 2023. Sheria za kumiliki sehemu ya jengo zipo: Tanzania Bara tangu 2008, Zanzibar 2010, na Kenya iliandika mpya 2020. Zinamruhusu mtu kuwa na hati ya nyumba yake huku ua na kisima vikibaki vya wote. Benki, hata hivyo, hutaka dhamana inayouzika haraka, na mthamini anayejua kuweka bei kwenye ukuta wa udongo ni adimu. Ushirika wenye hati moja ya pamoja ni mgumu zaidi kwa benki, kwa kuwa mwanachama mmoja akishindwa kulipa, benki haiwezi kupiga mnada kipande cha ua.

Kwa sasa, mwanachama wa ushirika anakopa kwa wenzake, na fundi aliyejifunza kushindilia udongo Bugesera anasubiri zabuni ya taasisi nyingine.